Uzi: Klachi mpya ya Subaru yenye turbo inayotembea mtaani (Mtwara na Lindi)

Kusini_Turbo:
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Impreza WRX ya Kijapani, bodi ya GDA, injini EJ205, giaboksi ya gia tano. Presha ya turbo imepandishwa na programu ya kompyuta imebadilishwa. Fundi wa programu anakadiria msokoto (nguvu ya injini ya kuzungusha) umefika Nm 400. Klachi inateleza gia ya nne. Matumizi: Ligula kwenda bandarini kila siku, Newala mara moja moja, Msimbati wikiendi. Kariakoo wametaja seti tatu: ya kawaida ya kiwandani; yenye presha pleti (bamba la springi linaloibana pleti) ngumu na pleti ya lainingi (tabaka la mkwaruzo) ya kawaida; na ya vipande sita vya seramiki. Hii ya tatu ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo ghali. Ipi inafaa?

FundiShangani:
Mkuu, kabla ya kutuma hela, hakikisha kwamba ni klachi yenyewe iliyokwisha. Barabara ikiwa wazi, tia gia ya nne kwenye mizunguko ya injini 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, kisha kanyaga mafuta yote. Sindano ya mizunguko ikiruka huku spidi ikibaki palepale, inateleza. Rudia mara mbili tu, usiichome bure.

Sasa tafuta sababu. Pedali inatakiwa iwe na uhuru kidogo juu kabla haijaanza kusukuma. Kama hakuna kabisa, fimbo ya masta silinda (pampu ya mafuta ya klachi nyuma ya pedali) imerefushwa kupita kiasi: beringi ya klachi inakaa imeivuta presha pleti muda wote, na klachi inateleza hata pleti ikiwa bado nene. Halafu angalia chini, pale injini inapokutana na giaboksi. Ukiona oili, pleti imelowa. Kwenye injini hizi za EJ wengi wanakimbilia kulaumu sili ya nyuma ya krenki, lakini mara nyingi inayovuja ni ile sahani ndogo ya kutenganisha oili iliyofungwa nyuma ya bloku. Za zamani ni za plastiki na hupinda kwa joto. Nunua ya chuma, uifunge siku hiyohiyo giaboksi ikiwa chini. Ukiiacha, klachi mpya ya bei yoyote italowa kama ya zamani.

Pleti ikitoka, pima kina kutoka uso wa lainingi hadi kichwa cha ribiti. Chini ya milimita 0.3 imekwisha. Kama lainingi bado nene lakini inang'aa kama kioo, imeungua. Hapo tatizo ni joto au mzigo, na ukirudisha ileile bila kubadili kitu utarudi kwenye uzi huu.

Mwl_Nachingwea:
Nataka tuweke hesabu mezani, maana kwenye klachi watu wanauziwa majina. Uwezo wa klachi ni vitu vinne vikizidishwa: mkwaruzo wa lainingi, nguvu ya presha pleti, nusu kipenyo cha wastani cha lainingi, na idadi ya nyuso zinazobanwa, ambazo kwa pleti moja ni mbili.

Pleti ya WRX ya gia tano ni milimita 230 kwa nje. Tuseme tundu la ndani ni 150. Nusu kipenyo cha wastani ni (115 + 75) gawa kwa 2, yaani milimita 95, au mita 0.095. Lainingi ya kawaida tuipe mkwaruzo 0.3. Presha pleti tuipe nguvu ya mfano, Newtoni 7,500. Basi 0.3 × 7,500 × 0.095 × 2 = Nm 427.

Injini hii ikitoka kiwandani Japani iliandikwa msokoto wa kgm 34. Zidisha kwa 9.81 unapata kama Nm 333. Ukigawa 427 kwa 333 unaona kuna akiba ya karibu asilimia 28. Hiyo ndiyo akiba inayotakiwa, kati ya asilimia 25 na 30.

Sasa injini imefika Nm 400. Akiba imebaki asilimia 7 tu. Klachi ikiwa baridi utasema iko sawa. Ikipata joto, mkwaruzo unashuka. Ukishuka hadi 0.25, uwezo unakuwa Nm 356 na inaachia. Ndiyo maana gari inavuta vizuri asubuhi na kuteleza mchana baada ya foleni.

Presha pleti ikiongezwa asilimia 20 inakuwa Newtoni 9,000. Kwenye mkwaruzo 0.3 unapata Nm 513. Kwenye 0.25, joto likiwa limepanda, unapata Nm 427, bado juu ya 400. Kwa hiyo chaguo la pili linatosha. Seramiki kwenye mkwaruzo 0.4 na presha pleti ya kawaida inafika Nm 570. Zile 170 za ziada unazilipia, na mtaani huna pa kuzitumia.

GiaTano_Lindi:
Mwalimu, hesabu nimeielewa, lakini kwa nini mtu asichukue yenye nguvu zaidi akamaliza kazi? Kesho akiongeza turbo kubwa atanunua tena. Na seramiki inavumilia joto kuliko lainingi ya kawaida, hilo halina ubishi.

FundiShangani:
Kwenye joto uko sahihi kabisa, kaka. Seramiki ukiipeleka kwenye mashindano itavumilia moto ambao lainingi ya kawaida ingegeuka mkaa. Lakini tazama vitu vitatu.

Kwanza, inavyoshika. Lainingi ya kawaida ina bati lenye mawimbi katikati ya nyuso zake mbili. Bati hilo linabonyea taratibu, ndiyo maana mguu unapata nafasi ya kupima. Pleti nyingi za vipande sita hazina bati hilo au linalo kidogo sana. Pedali inakuwa kama swichi ya taa: imeachia, imeshika. Kutoka pale sokoni nyuma ya bajaji, kwa hatua moja moja, gari inaruka na kutetemeka. Dereva akitaka lisitetemeke anapandisha mizunguko na kutelezesha klachi, na hapo flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake) inaliwa.

Pili, giaboksi. Gia tano ya Subaru ya miaka hiyo inajulikana kwa meno ya gia za chini kuvunjika ukiishtua. Gari inashika magurudumu manne, hakuna tairi linalozunguka bure kupunguza pigo. Kuna kitu kimoja tu kinachoweza kuteleza kidogo kuokoa meno, nacho ni klachi. Ichukulie kama fyuzi. Ukifunga fyuzi kubwa kuliko waya, waya ndio unaungua.

Tatu, kitovu cha pleti. Ukiona seti haina springi katikati, yaani kitovu kigumu, usiinunue kwa gari la barabarani hata ukipewa nusu bei. Springi zile zinameza mtikisiko wa injini. Bila hizo giaboksi inalia kama debe la kokoto gari likisimama, na meno yanachakaa.

Hilo la kesho kuongeza turbo: akifika huko, giaboksi hii nayo itakuwa imetoka, ataweka ya gia sita, ambayo klachi yake ni milimita 240. Seramiki ya 230 haitamfaa huko.

BintiMasasi:
Na kevlar jamani? Kuna seti inauzwa kwa jina hilo na bei iko katikati.

Mwl_Nachingwea:
Dada, kevlar inashika kwa ulaini na inadumu sana kama haijawahi kuungua. Shida yake ni mbili. Inachukua muda mrefu kulainika na kukaa sawa kwenye flaiwili, na ikichomwa mara moja kwa nguvu inapata kioo usoni ambacho hakiondoki. Lainingi ya kawaida ikinuka kidogo, ukiiacha ipoe mara nyingi inarudi. Kwa gari linaloingia mchanga wa Msimbati, kevlar ni bahati nasibu.

Mtu_wa_Newala:
Hapo kwenye mchanga na mlima pana jambo linalosahaulika. Ukipanda kuelekea kwetu na mbele kuna lori la korosho linatambaa, wengi wanashikilia gari kwa klachi: mguu nusu, mafuta kidogo, gari limesimama mlimani bila breki. Mwalimu, hebu tupe joto lake.

Mwl_Nachingwea:
Gari la kilo 1,400 kwenye mteremko wa asilimia 10 linahitaji, kwa gia ya kwanza, karibu Nm 30 kwenye klachi ili lisirudi nyuma. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na shafti ya giaboksi imesimama, joto linalozalishwa ni kama wati 4,700. Pasi moja ya umeme ni kama wati 1,000. Kwa hiyo umefungia karibu pasi tano zenye moto kwenye boksi lisilopitisha hewa. Ukiendelea hivyo utaacha madoa ya bluu kwenye flaiwili. Tumia breki ya mkono, subiri nafasi, ondoka mara moja.

Mtu_wa_Newala:
Asante mwalimu. Kwa Msimbati: punguza upepo wa matairi hadi psi 18 hivi kabla ya kuingia, ingia na mwendo, mguu usiguse klachi. Ukikwama, chimba kwa koleo. Kulazimisha kwa mizunguko mikubwa na klachi nusu, harufu utaisikia kabla hujasogea hatua, na kama ni klachi mpya ambayo bado haijakaa umeshaimaliza. Ukirudi kwenye lami jaza upepo.

Mchonga_Vyuma:
Flaiwili haijaguswa, nami niseme. Klachi mpya juu ya flaiwili ya zamani bila kuichonga ni kazi nusu. Weka rula ya chuma juu ya uso, tochi nyuma yake; mwanga ukipenya katikati, imeliwa. Madoa ya bluu maana yake chuma pale kimebadilika kikawa kigumu. Mchongaji akitumia kisu cha kawaida, kisu kinaruka juu ya doa na kuacha kinundu. Kinundu hicho ndicho kinacholeta mtetemo wiki mbili baadaye, na fundi aliyefunga analaumiwa bure. Madoa yakiwa mengi, itafutiwe mashine ya jiwe. Nyufa ndogo za usoni kama nywele zinaweza kuondoka. Ufa unaofika ukingoni au kwenye tundu la boliti, tupa. Toa chuma kidogo iwezekanavyo, usafishe uso tu. Na flaiwili ya sehemu mbili yenye springi ndani haichongwi, inabadilishwa.

Kuhusu flaiwili nyepesi za alumini: injini inapanda haraka, ni kweli. Lakini uzito wa flaiwili ndio unaokusaidia kuondoka bila kuzima, hasa mlimani na abiria wanne. Kwa matumizi aliyoyataja mwenye uzi, abaki na ya chuma ya kiwandani.

GiaTano_Lindi:
Sawa, nimekubali, chaguo la pili. Sasa kwenye kununua, mnajuaje si feki? Huku Lindi mzigo unakuja kwa basi, unafungua boksi fundi ameshashusha giaboksi.

FundiShangani:
Usishushe giaboksi mpaka boksi limefunguliwa. Omba muuzaji apige picha ya pleti, presha pleti na beringi kabla hajatuma, na namba zote zisomeke. Zikifika, fanya haya. Hesabu meno ya kitovu: ya WRX ya gia tano ni 24. Pima kipenyo kwa futi, milimita 230. Seti ya Impreza isiyo na turbo ni 225, na presha pleti yake ni ya kusukuma (inaachia beringi ikiisukuma) wakati hii ya GDA yetu ni ya kuvuta. Muuzaji akikwambia "zote Impreza", mrudishie.

Laza presha pleti mezani uangalie vidole vya springi ya katikati. Vyote viwe kimo kimoja. Tofauti ikizidi nusu milimita klachi itakata (itaachia) upande mmoja. Shika pleti utikise springi za kitovu: zikicheza ovyo kwa mkono, weka pembeni. Namba zilizopigwa kwenye chuma zilingane na za boksi. Maboksi ya zamani yenye jina Daikin yasikutishe, Exedy ilikuwa inaitwa hivyo kabla ya 1995, ila jiulize stoo gani imekaa nayo miaka yote hiyo, na kwa chumvi ya pwani kagua kutu.

Pleti ya mtumba siinunui kwa bei yoyote. Presha pleti ya mtumba nayo springi imeshachoka, na hakuna fundi atakayekupimia nguvu yake kwa macho.

BintiMasasi:
Fundi, hiyo ya kuvuta inabadilisha nini kwenye kushusha?

FundiShangani:
Inabadilisha sana, dada, na hapa ndipo giaboksi zinavunjwa. Kwenye ya kuvuta, beringi imenaswa ndani ya vidole vya presha pleti kwa klipu. Uma unaishikilia beringi hiyo. Ukifungua boliti zote za giaboksi ukaanza kuvuta, haitoki. Kijana anachukua nondo na kuanza kuchokoa, alumini inapasuka.

Utaratibu wake: toa silinda ya chini ya klachi uiweke pembeni bila kufungua bomba. Ubavuni mwa giaboksi kuna plagi inayofunguliwa kwa alenkii namba 10. Nyuma ya plagi kuna pini inayobeba uma. Funga boliti ya M6 kwenye mwisho wa pini, ivute itoke. Uma ukishalegea, giaboksi inaachana na injini yenyewe na beringi inabaki kwenye presha pleti.

Hapo angalia ile bomba ya alumini ya giaboksi ambamo beringi inateleza. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mfereji, beringi mpya itakwama pia na pedali itakuwa nzito ikirudi kwa kusuasua. Kuna bomba za chuma za kuvalisha sehemu hiyo, zinakuja na beringi yake ya saizi maalumu.

Kufunga: flaiwili Nm 72, boliti zake nane, kwa msalaba. Presha pleti Nm 16 tu, nayo kwa msalaba, nusu mzunguko kila boliti mpaka ilale. Nm 16 ni kidogo. Mkono wa fundi ukizoea boliti za gurudumu unakata kichwa. Futa uso wa flaiwili na wa presha pleti kwa kisafishia breki, maana mpya zinakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Kila mara pleti ishikwe ukingoni, si kwenye lainingi. Grisi ya joto kali kwenye meno ya shafti ni kiasi cha punje ya mchele, ipakwe, pleti iingizwe na kutolewa, ziada ifutwe. Grisi ikizidi inarushwa moja kwa moja kwenye lainingi.

Pleti ina maandishi ya upande wa flaiwili. Yasome. Tumia kile kijiti cha kupangia kinachokuja na seti, na giaboksi isiachwe hata dakika ikining'inia kwenye shafti bila jeki. Uzito wake unapinda pleti, na pleti iliyopinda haikati: gia ya kwanza inagoma na rivasi inalia.

Kusini_Turbo:
Nimeelewa, nachukua ya pili pamoja na sahani ya oili ya chuma, beringi na sili zote mbili, ya krenki na ya shafti ya giaboksi. Kulainisha nimeambiwa kilomita 800. Naweza kwenda Lindi na kurudi mara nne?

Mwl_Nachingwea:
Hapana, mkuu. Lindi na kurudi ni zaidi ya kilomita 200, lakini ukishatia gia ya tano pale Mikindani klachi imeshika, haifanyi kazi yoyote mpaka Mnazi Mmoja. Kinacholainisha ni kuachia na kushika. Hizo 800 ziwe za mjini: Ligula, Shangani, Chikongola, sokoni. Mizunguko isizidi 3,500, turbo isijae, hakuna kuondoka kwa fujo, na Msimbati isubiri. Ukisikia harufu siku mbili za mwanzo ni kawaida kidogo. Ikiendelea wiki ya pili, rudi kwenye uhuru wa pedali.

FundiShangani:
Na ubadilishe mafuta ya klachi yote, DOT 3 au 4, maana yananyonya maji ya hewa na pwani yetu hewa ni maji matupu. Yakiwa meusi kama chai ya rangi, raba za silinda zimeanza kwisha, na presha pleti ngumu itazimaliza ndani ya mwezi. Fungua nati ya kutolea hewa, msaidizi akanyage pedali na kuishikilia chini, funga nati, ndipo aachie. Endelea hadi yatoke safi bila povu, na kopo la juu lisikauke hata mara moja.

GiaTano_Lindi:
Pedali ikibaki sakafuni baada ya hapo?

FundiShangani:
Iinue kwa mkono, kanyaga mara kumi polepole. Ikirudi yenyewe, hewa ilibaki, toa tena. Ikizama tena taratibu ukiwa umeishikilia, masta silinda inapitisha kwa ndani. Vua kapeti ya dereva uangalie ukutani nyuma ya pedali: ukikuta unyevu wa mafuta pale fimbo inapoingia, badilisha masta silinda kabla hujaanza kilomita hizo 800.